Jinsi ya kuisikiliza albamu ya kwanza ya Led Zeppelin na kutambua ilichokopa

Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka Marekani tarehe 12 Januari 1969, na hadi leo wasikilizaji wake wamegawanyika. Wapo wanaosema roki nzito ilizaliwa pale. Wapo wanaosema vijana wale wa Kiingereza waliiba nyimbo za Wamarekani weusi na kuzipaza sauti. Kila upande una ushahidi wake, lakini ukiwauliza wabishani wenyewe kama wamewahi kuzisikiliza nyimbo za mwanzo zinazotajwa, wengi watakaa kimya.

Mwongozo huu ni wa kuzisikiliza. Ukiufuata hadi mwisho utaweza kusema, wimbo kwa wimbo, kipi kilichukuliwa, kilichukuliwa kwa nani, na kipi kiliongezwa. Natanguliza msimamo wangu ili usinishuku baadaye: katika albamu hii, aliyedhulumiwa waziwazi zaidi si mwanabluzi wa Chicago. Ni waimbaji wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, watu wa kumbi ndogo ambao wengi hawajawahi kuwasikia.

Kabla ya kuanza

Tafuta hedifoni, hata zile za bei ya chini. Spika ya simu inameza besi, na nusu ya ushahidi wa kesi hii umo kwenye besi. Tena, gitaa na mwangwi vimegawanywa kushoto na kulia, kwa hiyo sikio moja halitoshi.

Nyimbo zote nitakazotaja zinapatikana mtandaoni, ila hakikisha umepata toleo la studio. Led Zeppelin walikuwa na tabia ya kunyoosha nyimbo jukwaani. "Dazed and Confused" iliwahi kupita dakika 20. Kwenye albamu haifiki dakika 6 na nusu. Ukiona muda unaopishana sana na huo, umeshika rekodi nyingine. Kama bando lako ni dogo, pakua kwanza halafu sikiliza, kwa sababu utarudia vipande vidogo mara nyingi.

Chukua na daftari. Kumbukumbu ya sikio hudanganya baada ya wimbo wa tatu.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini albamu ilirekodiwa haraka

Jimmy Page alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za London kabla ya kujiunga na The Yardbirds. Bendi hiyo ilivunjika Julai 1968 huku ikiwa bado na maonyesho ya Skandinavia iliyokwisha kuyaahidi. Page akakusanya watu wapya: John Paul Jones wa besi na kinanda, naye mtu wa studio kama yeye, na vijana wawili kutoka katikati ya Uingereza, mwimbaji Robert Plant na mpiga ngoma John Bonham. Septemba 1968 walipanda jukwaani Denmark wakiitwa bado The New Yardbirds. Kabla mwezi huo haujaisha walikuwa ndani ya studio ya Olympic, Barnes, London, pamoja na fundi mitambo Glyn Johns. Page ndiye aliyekuwa prodyuza. Kazi nzima ilichukua saa zipatazo 36 na kugharimu takriban pauni 1,800, ambazo walizitoa wenyewe yeye na meneja Peter Grant, kwa kuwa mkataba na kampuni ya Atlantic ulikuwa haujasainiwa.

Mambo haya yanaeleza mengi. Bendi yenye umri wa wiki chache haina akiba ya nyimbo zake. Walirekodi walichokuwa wakikipiga jukwaani, na cha jukwaani kilikuwa ni nyimbo za watu wengine, nyimbo zilizorithiwa kutoka The Yardbirds, na vipande vilivyounganishwa mazoezini. Aibu haikuwa kukopa. Bendi zote za Uingereza wakati huo zilikuwa zikikopa. Suala ni kilichoandikwa kwenye karatasi baadaye.

Hatua ya 2: Soma majina ya watunzi

Tafuta picha ya lebo ya santuri ya mwaka 1969, kisha fungua orodha ya watunzi katika matoleo ya sasa. Ziweke sambamba. Hapo tu utaona habari nusu nzima.

Kwenye santuri ya zamani, nyimbo mbili zimeandikwa kuwa za Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago. Mmoja umeandikwa kuwa wa jadi, uliopangwa na Page. Zilizobaki zimepewa watu wa bendi yenyewe, ama mmoja, ama wawili, ama watatu pamoja. Jina la Robert Plant halipo kwenye wimbo wowote. Usidhani hakuchangia, alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni ya CBS, kwa hiyo jina lake halikuweza kuandikwa. Kumbe karatasi ya watunzi inaweza kusema uongo hata juu ya watu wa ndani. Ishike hoja hiyo unapoisoma.

Hatua ya 3: Pitia albamu yote mara moja, kwa mpangilio wake

Nyimbo ni tisa, muda wake ni robo tatu ya saa. Zima ule mtindo wa kuchanganya nyimbo, kwa sababu upande wa pili umeunganishwa: kinanda cha "Your Time Is Gonna Come" kinafifia ndani ya gitaa la "Black Mountain Side", na hilo nalo linakukatia ghafla kwenye "Communication Breakdown". Usitafute wizi bado. Andika tu mahali ulipotikisika.

Hatua ya 4: Zoeza sikio kwa nyimbo mbili za Dixon

Hizi ndizo rahisi, kwa kuwa deni limekiriwa. Zitumie kujifunza namna ya kulinganisha: sikiliza tabaka moja kila mara. Mara ya kwanza fuata maneno peke yake. Mara ya pili mahadhi ya sauti. Kisha besi, kisha ngoma, na mwisho mpangilio, yaani nani anaanza, nani anajibu, kitu gani kinarudiwa mara ngapi. Aliyekulia kwenye taarabu ya Mombasa, akamsikia Juma Bhalo akipachika maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, ana sikio hili tayari.

Anza na "I Can't Quit You Baby", ambayo Dixon aliitunga na Otis Rush akaiimba, iliyotoka mwaka 1956 kwa kampuni ya Cobra ya Chicago. Rush anafungua kwa sauti iliyoinuliwa hadi karibu ipasuke, na gitaa linajibu kwa maneno machache. Halafu weka ya Led Zeppelin. Maneno ni yale yale, mahadhi ni yale yale. Kilichobadilika ni nafasi: gitaa la Page linanyamaza, linakurupuka, linakimbia, linanyamaza tena, na Bonham anafuata kila mkurupuko. Kwa maoni yangu Rush bado anashinda. Maumivu yake hayajapambwa.

Hapa jifunze pia kuhesabu bluzi, la sivyo utaona wizi kila mahali. Hesabu moja hadi nne, mara kumi na mbili. Kwenye mzunguko wa tano gitaa linahama, la saba linarudi nyumbani, la tisa linahama tena. Umbo hilo ni mali ya wote. Nyimbo mbili zikilingana kwa umbo hilo tu, hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sasa "You Shook Me", ambayo ina mlolongo mrefu. Mwaka 1961 mpiga gitaa Earl Hooker alirekodi kipande kisicho na sauti ya mtu, "Blue Guitar". Mwaka 1962 mwimbaji wa bluzi Muddy Waters akaingizwa studio, akaimba maneno ya Dixon juu ya rekodi hiyo hiyo ya Hooker. Yaani hata chanzo chenyewe kina ghorofa mbili. Kisha mwaka 1968 Jeff Beck, rafiki wa Page tangu ujana, akaurekodi kwenye albamu yake "Truth", iliyotoka miezi michache kabla Led Zeppelin hawajaingia studio. Kinanda kwenye wimbo huo wa Beck kinapigwa na nani? John Paul Jones.

Zisikilize kwa utaratibu huo: Hooker, Waters, Beck, Zeppelin. Kwa Waters, gitaa linatembea bega kwa bega na sauti. Led Zeppelin wameshika wazo hilo hilo, wakalivuta hadi dakika 6 na nusu, wakagawa zamu za kinanda, harmonika na gitaa, na mwishoni Plant na Page wanaigana, mmoja akilia na mwingine akimjibu kwa nyuzi. Sikiliza pia ule mwangwi wa ajabu unaotangulia sauti yenyewe badala ya kuifuata. Page aliupata kwa kugeuza utepe nyuma mbele.

Deni la bluzi hapa limeandikwa. Deni kwa Beck halikuandikwa popote, na haliwezi kuandikwa, kwa sababu sheria hailindi wazo la kuunda bendi ya namna fulani. Gazeti la Rolling Stone lilipoipitia albamu Machi 1969 liliwaponda kwa jambo hilo hasa: kwamba kundi la Beck lilikwisha kuifanya kazi hiyo, tena vizuri zaidi. Uamuzi huo wa gazeti haukuzeeka vizuri, lakini mlinganisho wenyewe ulikuwa wa haki.

Hatua ya 5: Mfuate Anne Bredon

Weka "Babe I'm Gonna Leave You" ya Joan Baez, kutoka kwenye santuri yake ya mwaka 1962 iliyorekodiwa mbele ya hadhira. Gitaa moja na sauti moja. Wimbo ulitungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Anne Bredon, Mmarekani, ila ulizunguka kana kwamba ni wa jadi, usio na mwenyewe. Page na Plant waliupenda kupitia Baez. Ni moja ya nyimbo walizozungumzia walipokutana mara ya kwanza nyumbani kwa Page, Pangbourne.

Rudi kwa Led Zeppelin. Mwanzo wake ni upole: vidole vinachambua nyuzi, na mstari wa chini unashuka hatua kwa hatua. Kisha ngoma zinaanguka kama ukuta. Upole unarudi. Ukuta tena. Mchezo huu wa kunong'ona na kulipuka ndio mchango wao mkubwa kwenye wimbo, na bendi nyingi za roki zilizofuata ziliuchukua bila kulipa chochote.

Je, walidanganya? Hapa nawatetea kidogo. Walichukua wimbo ulioonekana wa jadi, wakaandika wa jadi. Bredon alipata habari miaka ya 1980, akadai, na tangu 1990 jina lake liko pamoja na ya Page na Plant, na mirabaha ya nyuma akalipwa. Angalia hata hivyo kwamba miaka ishirini ilipita kabla ya hapo.

Hatua ya 6: Kaa na "Dazed and Confused" kwa muda mrefu

Hii ndiyo hatua yenye uzito, kwa hiyo itengee jioni yake.

Agosti 1967 The Yardbirds walipiga katika ukumbi wa Village Theater, New York. Mmoja wa waliotangulia jukwaani alikuwa Jake Holmes, mwimbaji wa gitaa kavu aliyetoa albamu mwaka huo huo. Kwenye albamu hiyo kuna wimbo unaoitwa "Dazed and Confused".

Hatua ndogo ya kwanza: weka rekodi ya Holmes, funga macho, usikilize besi tu. Hakuna ngoma. Mstari wa besi unashuka taratibu, wenye wasiwasi, na sauti ya Holmes inapanda juu yake kama mtu aliyechanganyikiwa kweli. Uimbe mdomoni mpaka uushike.

Ya pili: tafuta The Yardbirds wakiupiga kwenye kipindi cha televisheni cha Ufaransa, "Bouton Rouge", Machi 1968. Bado sehemu kubwa ya maneno ni ya Holmes. Lakini katikati Page anachukua upinde wa fidla na kuukwaruza kwenye gitaa la umeme, na mwendo unaongezeka. Upinde wenyewe nao haukuwa uvumbuzi wake. Eddie Phillips wa bendi ya The Creation aliutumia kabla. Na ile mbio ya katikati, ukisikiliza wimbo wa The Yardbirds "Think About It", utakuta solo yake ni ya ukoo mmoja nayo. Hapo angalau Page alijikopa mwenyewe.

Ya tatu: weka albamu. Mstari wa besi ni ule ule, safari hii mnene na mzito, ukipigwa na Jones. Jina la wimbo ni lile lile. Maneno yamebadilishwa, kwa Holmes ni kuchanganyikiwa kwa ndani, kwa Plant yamekuwa malalamiko ya kawaida ya mwanamume dhidi ya mwanamke. Mahadhi ya sauti ni ndugu wa karibu. Kwenye lebo: Jimmy Page, peke yake.

Hapa siwatetei. The Yardbirds, bendi ya Page wakati huo, walijua wimbo ulikotoka, kwa sababu walikuwa ukumbini. Kuongeza upinde, ngoma na mbio ya katikati ni kazi halisi ya kupanga muziki, na ilistahili jina. Ilistahili jina la pili, baada ya la Holmes.

Holmes alimwandikia Page miaka ya 1980 mwanzoni, hakujibiwa. Mwaka 2010 alifungua kesi Marekani. Walimalizana nje ya mahakama, na mwaka 2012 bendi ilipotoa rekodi ya onyesho lao la kuungana tena, wimbo ulikuja na maelezo kwamba ni wa Page, kwa msukumo wa Jake Holmes. Pima mwenyewe kama neno "msukumo" linatosha baada ya ulichokisikia jioni hiyo.

Hatua ya 7: "Black Mountain Side", kwa haraka

Ni dakika 2 tu, na dakika 2 zinatosha. Sikiliza kwanza "Blackwaterside" ya Bert Jansch, Mskoti, kutoka albamu yake ya 1966, "Jack Orion". Wimbo wenyewe ni wa jadi wa Kiayalandi, na Jansch aliufahamu kupitia mwimbaji Anne Briggs. Kilicho chake ni namna vidole vyake vinavyousindikiza. Kisha weka Led Zeppelin. Sauti ya kuimba imeondolewa, tabla (ngoma ndogo za Kihindi) za Viram Jasani zimeongezwa, na vidole ni vya Jansch karibu vyote. Mtunzi kwenye lebo: Page.

Kwa kuwa mahadhi ni ya jadi, kumtetea Jansch kisheria kulikuwa kugumu, na suala halikuamuliwa na mahakama yoyote. Kwa sikio halina ugumu.

Hatua ya 8: Fumua "How Many More Times"

Wimbo wa mwisho unapita dakika 8, ingawa jalada liliandika 3:30, hila ya kuwashawishi watangazaji wa redio wauweke. Umeshonwa kwa viraka, na kazi yako ni kuvitafuta. Jina na mwanzo wa maneno vinakwenda kwa mwanabluzi Howlin' Wolf, "How Many More Years", iliyorekodiwa Memphis mwaka 1951. Katikati kuna mdundo unaopanda taratibu; ulinganishe na "Beck's Bolero", kipande cha Jeff Beck kilichorekodiwa Mei 1966 huku Page na Jones wakiwa ndani ya chumba. Karibu na mwisho Plant anaingiza maneno ya "The Hunter", wimbo uliojulikana kwa Albert King mwaka 1967.

Lebo inawataja Page, Jones na Bonham. Howlin' Wolf hayupo, waandishi wa "The Hunter" hawapo. Hapa msimamo wangu wa mwanzo unapata doa: mwanabluzi naye ameachwa nje. Ninachoweza kusema ni kwamba besi na mpangilio wa wimbo huu ni mbali zaidi na chanzo chake kuliko "Dazed and Confused" ilivyo mbali na Holmes. Pima wewe.

Hatua ya 9: Tafuta kisichokopwa

Baada ya hayo yote ni rahisi kuchukia. Rudi kwenye wimbo wa kwanza, "Good Times Bad Times", na usikilize ngoma ya mguu tu. Bonham anapiga mapigo ya haraka ya tatu-tatu kwa mguu mmoja, pedali moja. Wapiga ngoma wengi waliamini ana pedali mbili. Hakuna chanzo cha kumwekea kando. Kile kipande cha gitaa na besi kinachojirudia kilitoka kwa Jones.

Kisha "Communication Breakdown". Ina harufu ya "Nervous Breakdown" ya Eddie Cochran ya 1958, lakini ukizisikiliza pamoja utaona ni harufu tu. Huo mkono wa gitaa unaoshuka bila kupumzika ni wa Page.

Mwisho, sikiliza chumba. Studio nyingi wakati ule ziliweka kipaza sauti puani mwa ngoma. Page aliweka vingine mbali, ili vinase hewa kati ya ngoma na ukuta. Chukua dakika moja ya ngoma za "Truth" na dakika moja za hapa, kwa sauti ya kiwango kimoja. Tofauti hiyo ndiyo iliyouza albamu, na hiyo hakumkopa mtu wa orodha yetu.

Hatua ya 10: Jaza daftari, kisha songa mbele

Kwa kila wimbo andika mambo manne: chanzo, tabaka lililochukuliwa, lililoongezwa, na jina lililokuwa kwenye lebo ya 1969. Mgongano kati ya safu ya pili na ya nne ndio jibu lako. Usiandike "wizi" wala "heshima" kabla ya kujaza safu zote.

Ukitaka kuendelea, albamu ya pili ilitoka Oktoba mwaka huo huo, na huko mwanabluzi ndiye mwenye kudai. Anza na "You Need Love" ya Muddy Waters (1962), pitia "You Need Loving" ya Small Faces (1966), kisha "Whole Lotta Love". Willie Dixon alishtaki mwaka 1985, wakamalizana 1987. Halafu "Killing Floor" ya Howlin' Wolf (1964), ikifuatiwa na "The Lemon Song". Daftari ni lile lile, safu ni zile zile nne.